Chinchila wa kizimbani si akiba ya wale wa mlimani

Nimesoma makala inayosema chinchila wa porini (wanyama wadogo wa jamii ya panya, wenye manyoya laini, wa milima ya Andes) wako hatarini kutoweka huko Chile, na kuna wanaouliza wasiwasi wa nini wakati wanyama hawa wamejaa vizimbani Ulaya na Marekani. Mimi hoja hiyo siikubali hata kidogo.

Hao wa vizimbani karibu wote ni uzao wa wanyama wasiozidi 12, ambao mhandisi wa migodi Mathias Chapman aliwapeleka California mwaka 1923. Ukoo wote huo, jamani, kutoka kwa wachache hivyo! Kwa miaka mia sasa wamezalishwa kwa ajili ya manyoya, rangi na upole, si kwa kumkimbia mbweha juu ya majabali. Tena asili yao ni chinchila wa mkia mrefu. Yule wa mkia mfupi ni spishi nyingine kabisa.

Mkataba wa 1910 kati ya Chile, Argentina, Bolivia na Peru ulipiga marufuku uwindaji, baada ya mamilioni kuchunwa (koti moja hula ngozi zaidi ya mia). Leo adui ni migodi, mbuzi na ukataji wa vichaka vya kuni. Hifadhi ya Las Chinchillas karibu na mji wa Illapel, Chile, ipo tangu 1983, lakini makundi mengi yako nje ya mipaka yake, kwenye ardhi ya wafugaji. Hao wafugaji ndio wa kukaa nao na kulipwa wakitunza vichaka, kabla ya kufikiria vizimba vya California.