Tuliikataa anthropolojia, kanuni zake zikabaki mahakamani

Katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam yamehifadhiwa majalada ya Hans Cory, mzaliwa wa Austria aliyekuwa mwanasosholojia wa serikali ya kikoloni Tanganyika. Aliandika mahari, mirathi, ngoma na uganga wa Wasukuma, Wahaya na wengineo. Mjadala kama anthropolojia, yaani elimu inayochunguza mila na maisha ya jamii za watu, ni elimu ya kuheshimiwa au mabaki ya ukoloni huwa unaishia kwenye nadharia. Mimi naona heri tuanzie kwenye majalada hayo.

Wanaoipinga wana hoja nzito. Gavana Donald Cameron alipoamua miaka ya 1920 kutawala kupitia machifu, serikali ilitaka kujua chifu halali ni nani, kabila linaishia wapi, nani anarithi nini. Iringa, ofisa utawala Bruce Hutt aliuliza maswali kuhusu Wahehe na mwanaanthropolojia Gordon Brown akayatafutia majibu. Kitabu chao kilitoka 1935. Kabla yao Wajerumani walikuwa wamesafirisha mafuvu ya watu wetu. Fuvu lililotambuliwa kuwa la Mkwawa lilirudishwa 1954, na mengine mengi yangali huko. Ndiyo maana baada ya uhuru pale Mlimani, kwenye chuo hicho hicho cha Dar es Salaam, sosholojia ilipewa nafasi na anthropolojia ikasukumwa pembeni. Taifa lililokuwa likijenga umoja halikutaka kusomwa kabila kwa kabila, na ninawaelewa walioamua hivyo.

Ila mwaka 1963 serikali hiyo hiyo huru ilitangaza amri ya sheria za mila, iliyotokana kwa sehemu kubwa na kazi ya Cory. Kwa amri hiyo, mwanamke anaweza kuitumia ardhi ya ukoo lakini haruhusiwi kuiuza. Mjane hana fungu ikiwa marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake. Atatunzwa na watoto. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya, Mahakama Kuu Mwanza, aliamua kwamba mwanamke wa Kihaya ana haki ya kuuza ardhi ya ukoo sawa na mwanamume. Lakini mwaka 2006 Mahakama Kuu, katika shauri la wajane wawili wa Kisukuma, ilikiri kwamba kanuni za mirathi zinabagua, kisha ikakataa kuzibatilisha. Wajane wale walifika hadi kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia haki za wanawake, na mwaka 2015 ikawapa haki.

Kosa ni la nani? Cory aliketi na machifu na wazee, akatafuta kauli moja waliyoweza kuafikiana. Jambo ambalo wazee walikuwa wakilibishania kesi kwa kesi, huyu akivutia huku na yule kule, likageuka kifungu chenye namba. Hilo ni doa la mtafiti. Doa kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni la waliokichukua kifungu hicho wakakiita mila yenyewe. Tuliikataa elimu iliyoweza kuhoji kanuni zile, tukabaki na kanuni zenyewe.

Wanaoitetea nao wana ushahidi. Jomo Kenyatta alisoma anthropolojia London chini ya Bronislaw Malinowski, mwanaanthropolojia mashuhuri wa wakati huo, na mwaka 1938 akaitumia kutetea ardhi ya Wakikuyu. Marja-Liisa Swantz kutoka Finland aliishi Bunju miaka ya 1960, miongoni mwa Wazaramo wanaofuata ukoo wa mama. Miaka ya 1970 alikuwa kati ya walioanzisha hapa nchini utafiti ambao wanakijiji wanashiriki kupanga maswali na kuchambua majibu. Tofauti yake na Cory ni kubwa mno kuiita elimu moja bila kusita.

Leo idara pale Mlimani inaitwa ya Sosholojia na Anthropolojia, kwa hiyo jina limerudi. Bado matokeo mengi yanaandikwa kwa Kiingereza, na mama wa Manzese aliyetoa saa zake kujibu maswali hapati hata ukurasa mmoja wa Kiswahili. Hapo wapinzani bado wako sahihi.

Lakini amri ya 1963 inapaswa kuandikwa upya, na Bunge litahitaji kujua familia za Kisukuma na za Kihaya zinagawaje mirathi sasa, si enzi za Cory. Dodoso la siku moja halitalitoa jibu hilo. Linahitaji mtu wa kukaa nao miezi mingi, akianza na wajane.