Namba za Waandishi: Tuiachie Kompyuta?

Mkutubi akiandika jina Nalubega kwenye programu ya kukokotoa namba za waandishi, kufumba na kufumbua anapewa N358. Bila programu angefungua jedwali linalogeuza herufi za jina kuwa tarakimu, afuate herufi moja moja kwa kidole. Majedwali haya asili yake ni Charles Ammi Cutter, mkutubi wa Marekani wa karne ya 19, na shabaha ni moja: vitabu vya somo moja vikae kwenye rafu kwa alfabeti ya waandishi.

Kwa shule nyingi za Uganda, ambako mwalimu hufundisha asubuhi na kushughulikia maktaba jioni, msaada huu si wa kubezwa. Kitabu kinachosubiri namba ndani ya boksi hakimsaidii mwanafunzi yeyote. Mimi naunga mkono programu hizi.

Lakini hebu jaribu Nakyanzi. Kwa jedwali la Library of Congress, maktaba ya Bunge la Marekani, baada ya N, herufi a ni 3, k ni 5, y ni 9: N359. Nalubega naye: a ni 3, l pia ni 5, maana i hadi l zote zina 5, kisha u ni 8. Basi Nakyanzi anasukumwa nyuma ya Nalubega, ilhali K hutangulia L! Na majina ya Kiganda yanayoanza na Na- hayahesabiki. Upande wa S, jedwali halina kabisa s ya pili, kwa hiyo Ssemakula na Semakula, jina lile lile kwa tahajia mbili, wanatupwa mbali.

Mtu anayefuata jedwali kama kasuku angekosea vilevile. Ila maelekezo ya jedwali lenyewe yanataka namba irekebishwe ilingane na vitabu vilivyokwisha kupangwa, na programu inayotazama herufi tu haiioni rafu. Haijui pia kwamba kwetu jina la ukoo huandikwa mwanzoni au mwishoni, vyovyote mwandishi apendavyo. Ukiingiza Nakyanzi Grace huenda ikamtafutia Grace namba.

Kwa hiyo namba itoke kwenye kompyuta, kisha mkutubi aikague kwenye orodha ya rafu, yaani orodha ya vitabu kwa mpangilio wa rafuni, kabla ya kubandika lebo. Ni kazi ya dakika moja. Nakyanzi akipewa N357, anaingia vizuri kati ya Nakimuli, mwenye N355, na Nalubega.