Mjomba Hakula Usiku

Mwaka jana mjomba wangu aliteremka kutoka Newala, akalala kwetu Mtwara mjini, na kulipopambazuka nikamsindikiza kwenda kupimwa sukari. Alikwenda akiwa hajala, kama alivyoagizwa. Mhudumu alimtoboa ncha ya kidole, mashine ikaonyesha 9.4, juu ya kiwango cha kawaida, naye akauliza, "Mzee, usiku umekula nini?" Mjomba akaapa kwamba tangu ugali wa saa mbili usiku hakutia kitu kinywani ila maji. Mhudumu akatabasamu kama mtu anayemsikiliza mtoto aliyekutwa na masalia ya andazi mdomoni.

Naamini mjomba alisema kweli. Kosa, kwa maoni yangu, ni letu sote tunaozungumzia sukari ya mwilini kana kwamba haina mlango mwingine wa kuingilia damuni isipokuwa kinywa, ilhali kila binadamu ana kiwanda chake cha sukari, yaani ini, upande wa kulia, chini ya mbavu, nacho hakifungwi usiku.

Tuanze na ule ugali wa muhogo. Wanga wake, sawa na wanga wa wali au wa ming'oko, ile mizizi ya porini, ni minyororo mirefu ya glukosi, yaani sukari ile inayopimwa kwenye damu, ambayo utumbo huikata pingili moja moja, kisha damu itokayo utumboni huipitisha glukosi hiyo kwenye ini kabla ya kuisambaza kwingineko. Kongosho nalo hutoa insulini, homoni ya kushusha sukari ya damu, na kwa amri yake ini na misuli huiunga upya glukosi iliyozidi iwe glikojeni, ambayo ndiyo akiba. Ini la mtu mzima huweza kuhifadhi takriban gramu 100, na misuli yote kwa pamoja kama gramu 400.

Ukitazama hesabu hiyo utadhani misuli ndiyo tajiri, lakini utajiri wake hauvuki kizingiti. Misuli haina kile kimeng'enya, yaani kichocheo, cha kuiachia glukosi irudi kwenye damu, kwa hiyo akiba yake ni kama gunia la korosho alilolificha mtu uvunguni mwa kitanda chake, wakati akiba ya ini iko ghalani, kwa ajili ya wote. Na wote hao wanaitegemea kweli: damu yote ya mtu mzima mwenye afya, kabla hajala, ina glukosi ya kama gramu 4 tu, yaani kijiko kimoja cha chai, ilhali ubongo peke yake hutumia takriban gramu 120 kwa siku. Ini lisipojaza kila mara, kijiko hicho hakimalizi saa moja.

Ndiyo maana tukilala, insulini inapopungua na glukagoni, homoni nyingine ya kongosho, inapopanda, ini huanza kuivunja glikojeni yake. Wala halingoji ghala liwe tupu ndipo litafute njia nyingine, kwani usiku huohuo hutengeneza glukosi mpya kutokana na asidi ya laktiki inayotoka kwenye misuli, gliseroli ya mafuta, na asidi amino za protini. Aliyefunga siku nzima na usiku wake hutegemea zaidi glukosi hiyo mpya. Jambo lenyewe si geni hata kidogo: mwaka 1855 Mfaransa Claude Bernard alipitisha maji ndani ya ini la mbwa aliyelishwa nyama tupu mpaka sukari yote ikaoshwa, akaliacha, na kesho yake akalikuta lina sukari tena.

Kwa mwenye kisukari cha aina ya pili kama mjomba, ini halisikii vizuri amri ya insulini, hivyo huendelea kumwaga glukosi kwenye damu ambayo tayari inayo ya kutosha, na alfajiri homoni kama kotisoli huzidi kulichochea. Ile 9.4 haihitaji mwizi wa chakula cha usiku.

Sisemi kwamba ugali hauna hatia. Mjomba aliacha sukari kwenye chai na kujiona amemaliza kazi, huku akiendelea na bonge lilelile la ugali wa muhogo ambalo, likishakatwakatwa tumboni, huwa glukosi nyingi kuliko vijiko vyote alivyoviacha. Nilimwambia hivyo, hakufurahi.

Lililomshangaza zaidi lilikuwa jambo la kidonge. Kwa miaka mitatu amekuwa akimeza metifomini, dawa ya kisukari, asubuhi na jioni, akiamini kwamba inasaga sukari aliyokula. Nilipomweleza kwamba kazi yake kubwa ni kulipunguza ini kasi ya kutengeneza glukosi, alikigeuza kile kidonge kiganjani, akajishika chini ya mbavu za kulia, akaniuliza kwa nini siku zote hizo hakuna aliyemtajia ini.