Nimeulizwa Gari Linapika Nini

Mtu mzima amepiga magoti mbele ya gari kama anayeungama, bisibisi mdomoni, mvuke unampanda usoni. Mtoto wa jirani anasimama getini na andazi lake, anatazama weee, halafu anauliza, "Baba Brayo, leo gari linapika nini?"

Sikumjibu. Mwenye foo-bai-foo hajibizani na watoto.

Ni kweli foo-bai-foo lenyewe ni la 1986. Nililinunua kwa mtu wa Mombasa aliyeapa kwa jina la mamake kwamba halijawahi kuchemka, hata siku moja. Miaka miwili nimemwita mwongo kila nikipanda mlima. Leo namwomba msamaha, na sababu mtaisikia.

Ya fundi sisemi mengi. Aling'oa themostati, kile kivalvu kinachozuia maji yasizunguke mpaka injini ipate joto, akaitupa kwenye debe la vyuma akisema, "Hiyo ni ya Wazungu, wako na baridi." Kuanzia siku hiyo injini ikawa inaamka kama mwanafunzi wa bweni, na mafuta inakunywa kama imeambiwa ni ya bure. Muuza spea akaniuliza nataka orijino au ya kawaida. Nilipokuwa nafikiria, akanifungia ya kawaida kwa bei ya orijino. Wa boda alipita tu: "Uza, mkubwa."

Basi nikasema nitatengeneza mwenyewe, hapa nyumbani, kiume. Nikashusha rejeta. Ndani imekauka uchafu mweupe kama birika la shule. Na maji ya visima vyetu Nakuru mnayajua. Floridi imetupaka meno rangi ya chai, tukazoea, tunacheka mdomo umefungwa. Sasa rejeta iliyonyweshwa maji hayo hayo, nani aliiahidi mishipa safi? Nikaisukutua mara nne. Themostati mpya, imeandikwa nyuzi 82 mgongoni, nikaitumbukiza kwenye sufuria ya maji jikoni nione kama itafunguka kabla maji hayajatokota. Ilifunguka, tena kwa heshima. Ila sufuria ilikuwa ile ya ugali. Hayo tutayaongea nikiruhusiwa kurudi ndani.

Nilikuwa nimerudisha kila kitu, nimewasha, mvuke umerudi palepale, ndipo Mzee akaja.

Mzee wa nyumba ya pili ni mstaafu wa reli. Alianza kazi ya faiamani, mtunza moto, kwenye Garratt, yale magari-moshi makubwa ya mvuke, enzi za East African Railways, na hajawahi kustaafu moyoni. Akasimama na fimbo yake, akanusa.

"Kijana, linachemka?"

"Linachemka, Mzee."

"Vizuri."

"Si vizuri, Mzee. Linachemka, ndiyo maana haliendi."

Akanitazama kwa huruma ambayo sijaiona tangu matokeo yangu ya darasa la nane. "Sisi lilikuwa lisipochemka, haliendi."

Akavuta kreti ya soda, akaketi. Jamani, mzee akiketi, siku imekwisha. Nikaelezwa kupanda Timboroa, zaidi ya meta 2,700, mabehewa nyuma, ukungu mbele, na moto unaotunzwa kama mtoto mgonjwa. Nikaelezwa dereva aliyekaanga mayai humo humo kwenye injini. Mimi nimeuma klipu ya hosi kwa meno, nasema "mmh", "enhe", na kila "enhe" anaihesabu kama ombi la kuendelea.

"Geji ya glasi iko wapi?"

"Haina glasi, Mzee. Ina mshale."

"Sasa maji unayaonaje?"

"Siyaoni."

"Unaendesha bwela la mvuke ambalo maji yake huyaoni?"

"Si bwela!"

"Basi linachemkia nini?"

Hapo heshima ikaniponyoka. Nilipaza sauti mpaka kuku wa ploti wakanyamaza. Nikamwambia mimi sitaki mvuke! Mimi nataka kufika Molo kwa mamangu bila kusimama Salgaa na mtungi mkononi kama mhubiri wa stendi! Mara tatu mwaka huu nimefika usiku. Namkuta amelala kwenye kiti, taa inawaka, ugali umefunikwa na umeshakuwa jiwe. Na hasemi kitu! Angenigombeza ningejua pa kujitetea.

Mzee akanyamaza. Akasubiri injini ipoe, tena akanipiga mkono kwa fimbo nilipotaka kuharakisha. Mkono wake wa kulia una kovu la mvuke kutoka kiwiko hadi kidole, kwa hiyo nilipoa pamoja na injini. Kisha akasema, "Nipe kifuniko cha rejeta."

Akakigeuza. Mpira wa chini umepasuka kama kisigino cha Januari.

"Hakishiki presha," akasema. "Mombasa maji yanachemka kwa nyuzi 100. Hapa tuko juu, meta 1,850, yanachemka kwa 94 hivi. Presha ndiyo inayoyazuia. Hii yako inatoroka, maji yanatokota injini ikiwa haijapata hata joto la kulalamikia."

Kifuniko! Kitu cha bei ya trei ya mayai! Nimeng'oa rejeta, nimechubua vidole, nimeharibu ndoa kwa themostati, na yule wa Mombasa wa watu alisema ukweli mtupu wa kule baharini.

Kosa langu ni kumshukuru Mzee vizuri. Sasa hatoki. Ameagiza chai, na iliyo tupu ni sufuria ileile, na amemwambia Mama Brayo kwamba chai yake ina ladha ya karakana ya reli. Anasema kwa kusifu! Mama Brayo hajasikia sifa. Na sasa anamweleza huyo mtoto wa andazi habari za kupanda Timboroa, mtoto anasema "enhe", maskini, hajui alichojiletea...

Ngojeni. Mfereji umekohoa. Leo Jumamosi, maji yetu ni ya Jumanne, sijui yamepotea njia. Brayo! Mtungi wa buluu uko wapi? Si huo wa kwenye buti, huo una kutu! Brayo!