Asilimia Kumi ya Nini, Bosi?

Ukihoji mshahara wa mkurugenzi wa kampuni ya wauguzi wa majumbani hapa Dar, jibu ni lile lile: "Mbona ni asilimia 10 tu ya mapato?" Ya mapato gani, jamani? Humo mna kukodisha vitanda na mitungi ya oksijeni, hela ambayo kubwa yake inapita tu kwenda kwa msambazaji.

Gawanya kwa ziara. Kwa foleni hizi, nesi anayetoka Mbagala, mgonjwa mmoja Masaki na mwingine Tegeta, akimaliza wanne kwa siku kajitahidi. Siku 25 za mwezi, ziara 100. Tuseme manesi ni 12: ziara 1,200 kwa sh. 50,000, milioni 60. Bosi anachukua milioni 12, yaani sh. 10,000 kila ziara. Nesi wa laki 8 anabaki na 8,000 kwa ziara hiyo hiyo, na ndiye aliyesafisha kidonda na kubadili mrija wa mkojo. Sasa changanya na milioni 60 za vitanda na oksijeni: bosi kashuka kutoka asilimia 20 hadi 10 bila kurudisha hata senti. Hongera zake.

Na hizo milioni 12 zihesabiwe na marupurupu: gari, mafuta, ada za watoto, hata pango la ofisi lililozidi bei ya mtaa kama jengo ni lake. Tazama pia NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii. Mchango ni asilimia 20 ya mshahara, mfanyakazi hukatwa hadi 10. Bosi akibebewa zote na kampuni huku nesi anakatwa, huo nao ni mshahara.

Marekani, kampuni nyingi za soko la hisa zinatangaza tangu 2018 uwiano wa malipo ya bosi na ya mfanyakazi wa katikati, yule ambaye nusu ya wenzake wanamzidi malipo na nusu anawazidi. Sawa, ila wenye saa chache wanaishusha hiyo katikati.

Haya, aliyeuza kiwanja kuanzisha kampuni anastahili kufidiwa. Achukue gawio, faida ikiwepo.

Kinachokera zaidi ni bonasi inayopimwa kwa mapato. Manesi watasukumwa wafikie wagonjwa sita, na cha kwanza kukatwa ni zile dakika za kumfundisha ndugu kumgeuza mgonjwa kila baada ya saa mbili. Wiki chache tu, kidonda cha kulalia. Kidonda kinataka ziara za kukisafisha, ziara ni mapato, na mapato ndiyo bonasi yenyewe.