Ubongo mchanga, kelele na mishipa inayochipua

Mzazi wa Nairobi anaambiwa mambo mawili yanayogongana. Kwenye simu yake, wauzaji wa vitu vya kuchezea na video za watoto humhimiza auchangamshe ubongo wa mtoto tangu wiki za kwanza kwa muziki, taa na picha zisizokoma. Upande wa pili kuna onyo lililotoka kwenye maabara ya panya: ubongo mchanga ukichangamshwa kupita kiasi, mishipa yake midogo ya damu huacha kukua. Onyo hili hupuuzwa upesi, na wengi wanaolipuuza huwa wamelisikia nusu tu.

Hoja ya wachangamshaji ina mizizi, na si haki kuirusha pembeni. Mwaka 1987 kundi la mtafiti William Greenough kule Illinois, Marekani, lilionyesha kwamba panya wachanga waliolelewa pamoja na wenzao katika vizimba vyenye vitu vingi vya kuchezea walipata kapilari, yaani mishipa midogo kabisa ya damu, nyingi zaidi katika eneo la ubongo linaloshughulikia kuona. Mwaka 2014 Chenghua Gu na wenzake wa Chuo Kikuu cha Harvard waliwanyima vipanya hisia za masharubu, na eneo la ubongo linalopokea habari za masharubu hayo likabaki na mishipa michache yenye matawi machache. Hisia zilipoongezwa, matawi nayo yakaongezeka. Mantiki yake inaeleweka: seli za neva zikifanya kazi hula oksijeni, na oksijeni ikipungua tishu hutoa protini ya VEGF, ambayo huchipusha mishipa mipya. Wanaotetea michezo na mazungumzo na mtoto wanaogopa, kwa sababu nzuri, kwamba maneno ya kutisha kuhusu panya yatamfanya mama anyamaze wakati mtoto anahitaji sauti yake.

Lakini hebu tusome kilichoandikwa mwaka huohuo wa 2014 na Christina Whiteus, Catarina Freitas na Jaime Grutzendler wa Chuo Kikuu cha Yale. Vipanya wachanga walipewa sauti za kujirudiarudia, au masharubu yao yakachezeshwa mfululizo, au wakafanyishwa mazoezi ya mwili kwa muda mrefu. Kila mara, katika eneo la ubongo lililohusika, kuchipua kwa mishipa kulikaribia kusimama kabisa. Vipanya waliosababishiwa degedege kwa dawa nao walipungukiwa na mishipa. Katika utafiti huohuo, mishipa ya vipanya waliowekwa kwenye mazingira yenye uchangamfu wa kiasi haikudhurika. Wanaosema kwamba Yale wanawakataza wazazi kucheza na watoto wao hawakufika kwenye sentensi hiyo.

Kinachonikaa rohoni ni namna madhara yenyewe yalivyotokea. Hakuna seli zilizokufa, wala hakuna mshipa uliokatika. Kuta za mishipa ziliacha tu kugawa seli mpya, kana kwamba kila kitu kiko sawa, kwa hiyo mtazamaji asingeona jeraha lolote. Kisha uchangamshaji ulipokoma, pengo halikuzibwa. Mishipa iliyokosa kuota ilikosekana hata muda mrefu baadaye. Panya wazima waliochangamshwa hawakupata shida hiyo. Kuna dirisha la umri, na likifungwa limefungwa. Gharama ilionekana pale panya hao walipopungukiwa na oksijeni: zile nundu ndogo ambako seli za neva hupokelea ujumbe zilipotea mahali palipokuwa mbali na kapilari. Ni kama ghorofa za Eastlands zilizopanda kabla ya mabomba: siku za kawaida maji yanatosha, na ukame ndio unaofichua nani yuko mwisho wa laini.

Akiba hiyo ya mishipa si jambo dogo kwa binadamu. Ubongo wa mtu mzima hutumia takriban asilimia 20 ya nishati ya mwili uliotulia. Hesabu za mtafiti Christopher Kuzawa na wenzake, za mwaka 2014 vilevile, zinaonyesha kwamba mtoto wa miaka kama 5 hutumia karibu asilimia 43 ya nishati yake ya siku nzima kichwani. Hakuna umri mwingine ambapo ubongo unadai kiasi hicho.

Kinachosimamisha mishipa, kwa mujibu wa Yale, ni gesi ya nitriki oksidi inayomwagwa na seli zilizochangamshwa kupita kiasi; ilipozuiwa kutengenezwa, mishipa iliendelea kukua. Kwa mtu mzima gesi hiyohiyo hupanua mishipa na kuleta damu. Tena, maabara ya Elizabeth Hillman ya Chuo Kikuu cha Columbia ilionyesha mwaka 2013, na tena 2016, kwamba ubongo wa panya mchanga ukishtuliwa hauletewi damu ya ziada kama wa mkubwa, na oksijeni hushuka. Hapa ndipo naona pande mbili zinaweza kukutana: upungufu mfupi unaofuatwa na mapumziko huita mishipa, na msisimko usiopumzika huizima. Huo ni usomaji wangu, lakini kuhusu athari za uchangamshaji unaruhusu Harvard na Yale kuwa sahihi kwa pamoja.

Panya si mtoto, bila shaka, na kapilari za mtoto aliye hai hatuwezi kuzihesabu kama za panya wa maabara. Kwa hiyo sitamwambia mtu kwamba nganya, ile matatu yenye muziki mkubwa, iliyompita barabarani imemharibia mwanawe. Hata hivyo kanuni za Kenya za kelele za mwaka 2009 zinaweka kikomo cha desibeli 35 usiku kwenye makazi, na yeyote aliyelala karibu na baa au kesha la vipaza sauti anajua kikomo hicho kinavyoheshimiwa. Chama cha madaktari wa watoto wa Marekani kilipendekeza mwaka 1997 kwamba wadi za uangalizi maalumu za watoto wachanga zisipite desibeli 45. Mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati hawezi kugeuza kichwa akaikimbia kengele ya mashine.

Pale ninapoona onyo hili likiwa na uzito mkubwa kuliko kwingine ni kwenye degedege. Kwa mtoto mchanga degedege mara nyingi haitikisi mwili wote: anatafuna hewa, macho yanaelekea upande mmoja, miguu inazunguka kama anaendesha baiskeli, na nyingine hazionekani kabisa bila kipimo cha mawimbi ya ubongo. Kipimo hicho ni adimu nje ya hospitali kubwa. Daktari akiichukulia degedege iliyonyamaza kuwa degedege iliyokwisha, ubongo unaweza kuwa bado unawaka, katika wiki zilezile ambazo mishipa inapaswa kuota.