Sanduku la Unga la Nini? Ugali Ujerumani Upo, Ila Una Jina Jingine

Nenda uwanja wa ndege wa Frankfurt ndege ya kutoka kwetu ikitua, uangalie masanduku. Mtu karuhusiwa kilo 23, na kilo 10 kati ya hizo ni sembe. Nafasi hiyo angeweka dagaa. Sembe ya nini, wakati mahindi meupe yanasagwa na kuuzwa hapa hapa Ulaya?

Kinachotuangusha ni kukitafuta chakula chetu kwa jina letu, au kulitafsiri jina hilo kwa kamusi ya simu. Kamusi ina mitego. Anayeulizia unga wa mahindi mweupe dukani huishia na pakiti ya Speisestärke. Ni mweupe, ni laini na umetokana na mahindi kweli, ila ni wanga mtupu wa kuzitia sosi uzito. Ukiusonga unapata gundi. Mtego wa pili umeshaharibu pilau nyingi: Kümmel si bizari nyembamba. Ukiiangalia utaapa kuwa ndiyo, maana mbegu zafanana, lakini hiyo ndiyo wanayotia kwenye mkate na kabichi, na sufuria nzima itanuka mkate. Bizari yetu, ile Wakenya wanayoiita jira, imeandikwa Kreuzkümmel. Kabla ya kulipa, vunja punje moja kwa meno. Pua itakwambia.

Turudi kwenye ugali. Kaskazini mwa Italia, hasa Veneto na Friuli, watu wanakula polenta nyeupe, yaani ugali wao wa mahindi, na samaki pia, kama mtu wa Mwanza. Kwenye duka la Kiitaliano soma pakiti: bianca ni nyeupe, fioretto ni iliyosagwa laini. Ukiyakuta maneno hayo mawili pamoja, chukua. Iliyoandikwa bramata ina chenga, na kwa muda wa kawaida wa kusonga punje hazitaiva; utatafuna mchanga. Minuten-Polenta imeshapikwa kiwandani, iache. Ile ya njano ya supamaketi inaivisha ugali vizuri tu, ila wazee wetu Tanzania wakiuona watakumbuka unga wa msaada waliouita Yanga, na hapo hamu inakwisha. Kwenye Afro Shop utakutana na P.A.N., unga mweupe wa Waamerika ya Kusini. Nao umepikwa kabla, kwa hiyo ukigusa maji yanayotokota unanyonya papo hapo na kufanya mabuje, na ugali wake unavutika kama mpira. Kama hakuna mwingine, uchanganye nusu kwa nusu na fioretto.

Kwa watu wawili, maji nusu lita kwa unga gramu 250 hivi. Vijiko viwili vya unga huo vikoroge kwa maji baridi kidogo, mimina kwenye maji yanayochemka, uji utokote dakika tatu au nne, ndipo uanze kutia uliobaki. Fioretto inanywa maji polepole kuliko sembe. Ukiona ugali umelegea usikimbilie kuongeza unga, utakuja kukaza kama tofali. Punguza moto, funika dakika tano, songa tena. Halafu kuna jiko lenyewe. Majiko mengi huku yana uso wa kioo, sufuria ni nyepesi zenye mpini mmoja, na ukiegemea mwiko kwa nguvu sufuria inazunguka na kukwaruza kioo. Mwenye nyumba atakudai. Ishushe, iweke juu ya taulo bichi lililokunjwa, songa hapo, irudishe motoni.

Kuna wanaosema unga wa huku hauna ladha ya nyumbani. Sawa. Ila tusiutukuze sana wa nyumbani. Mwaka 2016 sumukuvu (aflatoksini, sumu ya ukungu wa nafaka) kwenye mahindi iliua watu Dodoma na Manyara. Kiwango cha juu cha sumukuvu kwa unga wa kuliwa ndani ya Umoja wa Ulaya ni mikrogramu 4 kwa kilo. Sisi Afrika Mashariki tumejiwekea 10, na mashine ya mtaani hakuna anayekwenda kupima.

Kwenye mboga ndipo nyumbani wanatushinda, bila ubishi. Kule fungu la mchicha linanunuliwa saa kumi jioni, saa moja usiku liko mezani. Huku Jumapili maduka yamefungwa, kwa hiyo mboga ya Jumapili inanunuliwa Jumamosi na kunyaukia kwenye friji. Sukuma wiki watu wanaibadilisha kwa Grünkohl, ambayo imejikunja, ni ngumu, na msimu wake hasa ni wa baridi. Mbadala bora uko kwa Wareno: couve galega, jani pana lililo karibu sana na sukuma. Wenyewe huikatakata nyembamba kwa supu, kwa hiyo uliza usiuziwe iliyokwisha kukatwa. Mchicha upo kwa Wahindi na Wabangla, mwingine mwekundu, na ukipikwa mchuzi unageuka rangi ya damu. Ladha haina kasoro. Kisamvu kiko kwenye friza za maduka ya Wakongo, kimeshatwangwa, jina feuilles de manioc au saka-saka, na Wakongo wa Bukavu na Lubumbashi watakwambia ni sombe. Kugandishwa hakukiondolei sumu yake. Kichemshe bila mfuniko nusu saa au zaidi kabla ya kutia nazi au karanga.

Maharage usihangaike, nenda kwa Mturuki. Barbunya ni yale yale yenye madoadoa, na hapo hapo utapata bamia na nyama ya kondoo iliyochinjwa kwa utaratibu. Unga wa chapati chukua Typ 550, si 405. Namba hiyo ni miligramu za majivu yanayobaki ukichomwa gramu 100 za unga. 405 ni mweupe na dhaifu, wa keki, na chapati yake inakatika ukiivuta.

Nazi ya kopo isome nyuma. Ukiona E435 au E466, viwanda vimeizuia isijitenge, kwa hiyo hata ukae nayo wiki hutapata tui zito na tui jepesi. Tafuta yenye nazi na maji tu, iache kwenye friji usiku mmoja bila kuitikisa, chota zito la juu uliweke pembeni la kumalizia wali. Bora zaidi ni nazi iliyokunwa na kugandishwa kwenye maduka ya Watamil: isage na maji ya uvuguvugu, kamua mara mbili, umepata vyote viwili bila kukalia mbuzi.

Sasa sanduku. Nyama na maziwa usijaribu, Ulaya haviingii kutoka kwetu hata kama ni kipande cha kuonja. Wanaogopa magonjwa ya mifugo. Embe linataka cheti cha afya ya mimea kwa sababu ya nzi wa matunda. Matunda yasiyodaiwa cheti ni matano tu: nanasi, nazi, ndizi, tende na durian. Asali mwisho kilo 2. Ila samaki, na hapa wengi hawajui, unaruhusiwa hadi kilo 20. Basi jaza dagaa wa Mwanza au Kigoma, kwa sababu wale wakavu wa maduka ya Waasia wamechemshwa kwenye maji ya chumvi, wanafanana na wa Unguja, na usipowaroweka dakika kumi kwenye maji ya moto mchuzi haulamiki. Wako wa nyumbani wakaushe tena kabla ya kufunga, mifuko miwili, na usiwaweke karibu na suti.

Maziwa mgando nayo usiyalilie. Dickmilch imo katika friji za supamaketi nyingi, na ukila na ugali mtoto wa mfugaji atanyamaza kidogo.

Matoke ndiyo yanatushinda kupata. Kochbanane wanayokuuzia ni ndizi ya kukaanga. Ukiipikia mtori unapata supu kavu yenye utamu usiotakiwa. Ndizi ya kawaida ikiwa mbichi kabisa inakaribia zaidi, lakini zinaivishwa kwa gesi kwenye maghala kabla hazijafika dukani. Muulize Mtamil siku mzigo mpya unaposhuka, na uwahi asubuhi.